Tanki la Bawa la Kushoto

Ukishuka Kizota, upande ule malori ya Kigoma na Mwanza yanakopumzikia, ukauliza fundi wa rejeta na matanki, utaelekezwa kwa mwanamke. Shangaa kimoyomoyo, usimwoneshe. Watu wamemshangaa tangu ana miaka kumi na tisa, na sasa anakaribia hamsini, keshachoka. Anaitwa Khairat Abdulkadiri. Karakana ni ya marehemu baba yake, ambaye alijaliwa mabinti wanne bila mtoto wa kiume hata mmoja, akaona lehemu haina habari na hayo, akamfundisha yule aliyekuwa hatoki mlangoni. Wenzake waliolewa wakaenda zao. Yeye naye aliolewa, na Abdulrazaki, muuza vitenge wa Majengo, mtu mpole aliyekubali mke anayerudi nyumbani ananuka dizeli.

Khairat ana ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ni kutaka kujua. Fundi mwingine akiona tanki linavuja huziba panapovuja, dereva akaondoka, maisha yakaendelea. Khairat, hapana. Dereva ana haraka ya kulala Singida, yeye kalala chali chini ya lori na tochi mdomoni, anataka kujua tone lilipita wapi kabla ya kufika pale linapodondokea. Mumewe humtania kwamba hata kwenye harusi, akisikia bomba linadondosha uani, atamkosa bibi harusi na pilau yake. Anatania, lakini si uongo sana.

Sasa, mwezi wa saba mwaka ule, upepo wa baridi ukiwa unapeperusha vumbi la Dodoma mpaka ndani ya meno, akaingia karakanani binti mmoja mrefu, kavaa miwani ya jua, akamwamkia kwa heshima: shikamoo mama. Alijitambulisha kuwa ni Emiliana, binti wa Mzee Zablon Matonya wa Ihumwa. Alisema wana tanki linalovuja, nyumbani wameshindwa, na dereva mmoja wa lori amewaambia mtu wa kulitafutia dawa ni mmoja tu mji huu. Khairat akauliza tanki la nini, Fuso au trekta. Binti akasema la ndege.

Khairat alimtazama kuona kama anachezewa shere. Binti hakucheka. Alieleza kwamba ndege yenyewe ni ndogo, ya viti viwili, na haikununuliwa popote. Baba yake ameijenga bandani kwake kwa mikono yake miwili, na imemchukua miaka kumi na mmoja. Basi hapo ndipo Khairat alipofunga karakana saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliposhikwa na malaria.

Huko Ihumwa, nyuma ya nyumba ya matofali ya kuchoma, kulikuwa na banda refu la mabati. Ndani yake mlikuwa na ndege. Hata leo ukimuuliza Khairat atakuambia alisimama mlangoni kama mtu aliyekuta twiga sebuleni. Ilikuwa imekamilika, ina magurudumu yake, ina panga lake mbele, alumini tupu bila rangi, inang'aa. Chini ya bawa la kushoto palikuwa na mstari mwembamba wa vumbi jekundu, umeganda. Macho yake yalikwenda pale kabla hayajamwona mwenye nyumba.

Mzee Zablon alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na gurudumu. Alikuwa Mgogo wa hapohapo Ihumwa, mwembamba, mwenye vidole virefu, aliyefanya kazi ya kufungua na kufunga ndege za watu kwa miaka thelathini kwenye karakana za mbali. Alipostaafu akarudi kwao na michoro chini ya kwapa. Majirani walisema mzee kachanganyikiwa. Mwaka wa tatu wakazoea. Mwaka wa nane wakaanza kuwaleta wageni wao kuiona, na wao ndio waliokuwa wakiieleza, tena kwa kujigamba.

Alimpokea Khairat vizuri, lakini alipomnyooshea mkono, mkono ulikwenda pembeni kidogo ya pale alipokuwa amesimama. Emiliana akausogeza. Mzee akaona afadhali aseme mwenyewe. Ana presha ya macho, akasema. La kushoto lilishakufa. La kulia linaona, ila kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari hakumficha: asilitegemee jicho hilo kuumaliza mwaka.

"Fundi, mimi sitairusha," alisema. "Atairusha huyu binti, ndiyo kazi yake. Mimi nataka kuiona tu. Nikishaiona iko juu, macho yaende yanakotaka."

Emiliana alikuwa rubani wa ndege ndogo za watalii huko Arusha. Alikuwa amepewa likizo ya majuma mawili, na ingeisha Jumapili ya juma la pili. Mkaguzi wa ndege alishakuja kutoka Dar es Salaam, akazunguka siku nzima na kitabu chake, akaridhika na kila kitu, akaandika mstari mmoja tu: matanki yasivuje. Kiwanja kilikuwepo, cha udongo, cha misheni moja upande wa Bahi. Siku walishaichagua, Jumamosi, kabla binti hajarudi kazini. Kilichobaki ni tone. Tone lenyewe halikuwa kubwa. Lilichukua dakika ishirini kujikusanya na kudondoka, na lilinuka petroli ileile inayowekwa kwenye bodaboda. Lakini tanki la ndege ile halikuwekwa ndani ya bawa, tanki lilikuwa ndilo bawa lenyewe, sehemu ya mbele, hatua moja na nusu kutoka kwenye kiti cha rubani na bomba la moshi la moto.

Khairat alilala chali sakafuni, akawasha tochi.

Kwa siku mbili za kwanza alijifunza kwamba alikuwa hajui kitu. Kuchomelea haikuwezekana, bati lilikuwa jembamba kama la sufuria ya chai. Lehemu haishiki alumini. Alipochukua pampu ya baiskeli ajaze upepo, kama anavyofanya kwenye tanki la lori, Mzee Zablon alisikia mlio wa pampu akanyanyua mkono upesi. Upepo wa nguvu ile, alisema, utalivimbisha bawa na kung'oa ribiti, vile vipini vya kubana bati, ambazo zilimchukua miezi miwili kuzipiga. Akamwelekeza njia yake. Waliziba kila tundu la tanki, wakabakisha mawili, kwenye moja wakaunga mpira wa dripu, ule wa hospitali, wenye maji ya rangi ndani. Maji yakipanda urefu wa kiganja basi, inatosha, acha kupuliza. Kwenye la pili, la kifuniko, wakafunga puto la watoto, jekundu.

Hilo puto lilimtesa Khairat. Saa tano asubuhi lilikuwa limesimama limejaa. Saa kumi na moja jioni lilikuwa limelegea. Akasema tanki linavuja vibaya. Kesho yake saa tano, hakuna aliyeligusa, likawa limesimama tena lenyewe. Alikaa mbele yake akalitazama kama anasubiri liseme. Mzee Zablon alicheka mpaka akakohoa, halafu akamweleza kwamba jua likipiga bati la banda, hewa ndani ya tanki hutanuka. Baridi ya jioni ikiingia, hewa hujikunja. Puto linapumua tu, na anayelipumulisha ni Dodoma yenyewe. Khairat alirudi nyumbani akamsimulia Abdulrazaki habari ya puto toka wanakula mpaka wanaondoa vyombo, na Abdulrazaki, masikini, akaitikia vizuri kabisa.

Siku ya tatu akaja na silaha yake. Karakanani kwao, tangu enzi za baba yake, uvujaji hutafutwa kwa povu. Unakwangua sabuni ya mche, unaikoroga na maji kidogo mpaka iwe nzito, unapaka kwa brashi, halafu unangoja upepo wa ndani utoe mapovu. Povu la mafundi wengine ni jepesi, Khairat la kwake ni zito, na anajivunia hilo. Alipaka bawa la kushoto lote, kila mshono, kila ribiti. Kwenye ubavu wa tatu, zile mbavu za bati zinazolishika bawa kwa ndani, mapovu yakatoka mawili, dhahiri, karibu hatua nzima kutoka pale tone lilipokuwa linadondokea. Alifurahi sana. Petroli ilikuwa inatokea pale, inatembea kwa ndani ya mkunjo wa bati, ndipo inajitokeza mbali kama si yenyewe.

Likaonekana na povu la tatu, kwenye kona ya nyuma ya tanki, adhuhuri. Dogo, kama punje ya uwele. Likapasuka. Akapaka tena, akangoja, halikurudi. Jioni akapaka tena, akaacha povu pale mpaka asubuhi. Asubuhi hapakuwa na kitu. Akajiambia ulikuwa upepo wa mlangoni, lakini hakujiamini sana alipojiambia hivyo.

Ule uvujaji wa ubavu wa tatu waliutibu kwa gundi ya Mzee Zablon, nyepesi kuliko maji. Unaipaka nje, halafu mtu anavuta hewa ya tanki kwa mpira, polepole, kama anavyonywa soda kwa mrija, gundi inanyonywa mpaka ndani ya ufa. Khairat alivuta. Mzee aliangalia maji ya rangi kwenye dripu kwa lile jicho lake moja, uso ukiwa karibu kugusa mpira. Bawa la kulia nalo wakalipima kwa povu lilelile, likaonekana zima. Wakangoja gundi ikauke siku tatu. Wakapaka povu tena, bati likatulia. Wakajaza petroli, wakaiacha usiku mzima. Alhamisi asubuhi Khairat alipitisha kiganja chini ya mabawa yote mawili akasema neno moja: kavu. Mzee Zablon alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakuupata kwa mara ya kwanza, lakini alipoupata aliushika kwelikweli.

Ijumaa asubuhi akarudi Kizota kwa malori yake. Kulikuwa na dereva mmoja anaitwa Kefa, mtu wa maneno mengi, ametoka Manyoni na tanki limepasuka mshono. Amefanya kile ambacho kila dereva wa njia ile anajua kukifanya: amenunua kipande cha sabuni ya mche dukani, akakikanda, akakishindilia kwenye ufa, akaendelea na safari. Petroli na dizeli haziyeyushi sabuni. Madereva wamefika nayo mpaka Rwanda. Khairat ameikwangua sabuni ya namna hiyo maisha yake yote, na hata siku ile alikuwa akiikwangua huku Kefa akimsimulia. Alisimulia jinsi ilivyoshika vizuri toka Manyoni, tone halikuonekana, akajisifu peke yake njiani, mpaka alipokaribia Bahi barabara ikaanza kumtikisa, sabuni ikakatika, tanki likaanza kulia upya.

Khairat alisimama na bisibisi mkononi. Kefa akadhani amemuudhi. Akamuuliza fundi vipi.

Alikuwa anaona lile povu la tatu, dogo kama punje ya uwele. Lilitoka adhuhuri, tanki likiwa na joto, hewa ikisukuma kwenda nje. Halafu jioni alipaka povu zito, akaliacha pale usiku kucha. Na usiku hewa ya tanki ilijikunja. Puto lililegea. Sasa hewa inayojikunja, kama imebaki na upenyo mdogo kama wa sindano, inavuta nini? Inavuta kilichopo mlangoni. Yeye mwenyewe alinyonya gundi kwa njia hiyohiyo.

Hakutaka kuamini mpaka aone. Alichukua kopo la maziwa lenye kifuniko cha kubana, akalitoboa kwa ncha ya sindano, akaliweka juani mpaka likachoma vidole. Akapaka povu lake zito kwenye tundu, akalifunika kopo kwa tambara lililolowa maji ya baridi. Povu likazama tunduni mbele ya macho yake. Akalianika likauka, akalijaza petroli, akalining'iniza. Halikutoa tone. Kefa, ambaye sasa alikuwa amesahau safari, akasema mbona limepona. Khairat akalifunga kopo kwa waya juu ya kompresa, akaiwasha, kompresa ikatetemeka. Walikaa wanalitazama. Baada ya robo saa tone likatokea, likakua, likadondoka kwenye saruji.

Kitu alichokuwa akitafutia uvujaji ndicho kilichokuwa kikiuficha. Kwenye rejeta haikuwahi kuwa na madhara, maana maji huiyeyusha sabuni ikaenda zake, na kwenye tanki la lori upepo wa pampu hulisukuma povu nje tu. Ni miaka ishirini na nane ameikwangua sabuni ya madereva kwa mkono mmoja na kukoroga sabuni yake mwenyewe kwa mkono wa pili, na mikono hiyo haikuwahi kupeana habari. Aliona aibu, nakuambia, aibu ya kumtoa jasho kwenye baridi ile.

Akaketi juu ya tairi akafikiri, na nitasema alichofikiri kwa sababu yeye mwenyewe hakifichi. Alifikiri anyamaze. Pengine pale konani hapana kitu. Pengine kweli ulikuwa upepo wa mlangoni. Ndege itazunguka dakika kumi, itashuka, mzee ataiona, kisha Jumatatu atakwenda kuomba kulikagua tanki upya kwa kisingizio chochote. Mzee hana mwaka mwingine wa kuona. Nani ajuaye habari ya punje ya uwele? Halafu akakumbuka lile bomba la moshi, na kiti, na yule binti mrefu anayemwamkia kila asubuhi kama mama yake. Akamwambia Kefa asubiri, akavuka barabara kutafuta bodaboda. Angeweza kupiga simu, lakini habari kama ile humwambii mtu kwa simu.

Alifika Ihumwa saa tisa. Walikuwa wamekwisha kuyafungua mabawa, wamelaza magodoro kwenye Fuso ya kuipeleka ndege kiwanjani, wanangoja vijana wa kunyanyua. Mzee Zablon alikuwa amevaa koti la suti kabisa, siku moja kabla. Khairat hakuzunguka. Alisimama mbele yake akamwambia kwamba hana uhakika na neno alilosema jana, kisha akaeleza yote, la povu, la puto, la kopo. Hakuruka kitu.

Emiliana ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa mtulivu, kama walivyo watu wa kazi yake. Alisema basi kesho atumie petroli ya bawa la kulia peke yake, la kushoto liende tupu.

"La kulia ulilipima kwa kitu gani?" Mzee Zablon aliuliza.

"Kwa sabuni hiyohiyo, mzee," Khairat akasema.

Mzee akavua koti, akalikunja, akalipapasia mahali pa kuliweka. Alisema wasibishane kwa maneno, bawa liko hapa, litikisike. Kwa kuwa injini huitetemesha ndege nzima, nao walitetemeshe. Waliliweka bawa la kushoto juu ya magodoro mawili, wakamimina petroli, Khairat akakausha kona kwa kitambaa cheupe, akakiacha hapohapo chini yake. Kisha Emiliana akaanza kulipiga bati kwa viganja, kwa kasi. Kwa mara ya kwanza Khairat akamwona ni binti wa Kigogo kweli, maana alipiga kama wanawake wa kwao wanavyopiga muheme, ile ngoma wanayoibana mapajani, viganja haviachani nafasi. Alipochoka Khairat akapokea, yeye ambaye hajawahi kupiga ngoma ila ya debe. Wakapokezana. Vijana wa kunyanyua walifika wakakuta wanawake wawili wanapigia bawa la ndege ngoma, na mzee amesimama katikati ameinamisha kichwa.

Ilichukua karibu saa nzima. Kitambaa cheupe kikapata doa konani, dogo, lenye harufu.

Khairat alikuwa na haki ya kufurahi, maana alikuwa amepata jibu, na mtu mwenye ugonjwa wake hupenda jibu kuliko chakula. Hakufurahi. Alimwambia mzee amsamehe, akajikuta analia waziwazi, mafundi wa Kizota wangemwona wangekimbia. Mzee Zablon alijua maana ya doa lile kuliko yeyote pale. Kuosha sabuni, kukausha, gundi, kungoja, kupima upya, mabawa yote mawili. Juma zima, pengine na zaidi. Jumapili binti anaondoka. Likizo nyingine ni mwisho wa Novemba.

Alikaa kwenye kigoda chake, akamwomba Emiliana amsogezee taa, akamwomba Khairat amwoneshe lile doa. Aliliinamia na lile jicho lake mpaka pua ikagusa kitambaa. Aliliangalia kwa utulivu, kama anasoma barua. Akasema ni doa safi kabisa, linaonekana vizuri. Kisha akawaambia vijana waende, hakuna cha kunyanyua.

Khairat alikwenda Ihumwa kila mchana kwa majuma matatu. Aliosha mishono kwa maji ya uvuguvugu, akayavuta yapite kwenye kona ile mara nyingi asizozihesabu, mpaka yakawa hayafanyi utelezi tena kwenye vidole. La kulia lilikutwa na ufa mmoja uliokuwa umeziba kwa sabuni vilevile. Angalau wasiwasi wake haukuwa wa bure. Povu akaliacha. Alihangaika na njia nyingine, akaharibu makopo mengi, mwisho akasaga chaki za shule, akazichanganya na spiriti, akaipaka mishono yote kwa nje mpaka bawa likawa jeupe. Petroli ikitoka hata kwa upana wa unywele, chaki hubadilika rangi papo hapo, na chaki haizibi kitu. Mzee aliipenda sana njia ya chaki. Mwanzoni aliweza kuona weupe wake mwenyewe. Kufikia Septemba, Khairat akija kulikagua bawa, alikuwa akimuuliza, na mwezi wa kumi akawa anauliza hata kama mlango wa banda umefunguliwa.

Hakuna aliyemlaumu Khairat, na hilo lilimuuma kuliko lawama. Siku moja alimwambia mzee hivyo hivyo, wakinywa chai bandani. Mzee akasema alishawahi kufanya kazi na mafundi waliojua wamekosea wakanyamaza, na yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuokota vipande. Hakuendelea, na Khairat, pamoja na ugonjwa wake wote, hakuuliza vipande vya nini.

Emiliana alirudi juma la mwisho la Novemba. Mawingu ya mvua yalikuwa yamekwisha kujikusanya lakini hayajamwaga. Kiwanja cha misheni kilikuwa kigumu, kikavu, na watu walikuja kutoka Ihumwa kwa Fuso na wengine kutoka Bahi kwa bodaboda, na watawa wawili wakaleta viti. Mzee Zablon alivaa lile koti. Alikuwa anaona mwanga tu sasa, mwanga na giza, na kivuli cha mtu akiwa karibu sana. Alisimama, alikataa kiti. Khairat alisimama pembeni yake kwa sababu aliambiwa asimame pale.

Injini iliwaka, ikanguruma, ikakimbia na ndege mpaka mwisho wa kiwanja, na mlio ukabadilika. Watu wakapiga vigelegele. Mzee aliugeuzia uso mlio, akachelewa kidogo, akaukosa, akaupata. Kila mtu alikuwa anamsimulia. Mmoja anasema mzee inang'aa kama kioo, mwingine mzee imegeuka, mwingine mzee iko juu ya mashamba ya mpunga, nzuri hiyo. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayesimuliwa harusi ya watu wengine. Khairat peke yake hakusema kitu. Hakuwa na maneno ya namna ile.

Emiliana akazunguka, akarudi chini chini, akapita juu ya vichwa vyao. Kivuli kikawapita. Mzee akanyoosha mkono pembeni.

"Fundi, uko hapo?"

"Nipo, mzee."

"Wewe unaona nini?"

Khairat alikuwa hajaitazama ndege. Tangu ilipoacha ardhi alikuwa akitazama pahali pamoja tu, na alipoulizwa hakuwa na kingine cha kusema.

"Chini ya bawa la kushoto ni kukavu," alisema. "Na la kulia. Nyuma yake hakuna kitu kinachotoka, mzee. Ni mbingu tupu."

Mzee Zablon, machozi yalikuwa yanamtoka kwenye macho yote mawili, lile lililokufa zamani na hili la juzi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeona.

"Angalia tena," akasema.

Khairat akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaangalia tena.